Namba Chini ya Rangi

Habari hii nilipewa na Akosua Birago mwenyewe, mwaka jana, juma lile mvua zilipokatika kabla ya wakati wake. Alikuja kwangu kuazima sinia, akakaa, akazungumza mpaka sinia lenyewe akalisahau. Pale aliponyamaza nimemwuliza binti yake, Fosua, ambaye hana neno la kuficha.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Dokono za kwanza, yale madonge ya mahindi ya kuchemsha, zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na za pili zilikuwa zinatokota ndani ya mapipa mawili yaliyokatwa, mbele ya nyumba, hatua nne kutoka barabarani. Birago alikuwa akifunga madonge ya unga uliochachuka kwa majani makavu ya mgomba, moja baada ya jingine, bila kuyatazama, maana mikono yake ilikwisha kuijua kazi hiyo kuliko macho. Akaja bwana afya wa halmashauri ya mji wa Nkwantaso. Jina lake Kyeremeh, mtu mfupi, mpole, mkoba wake wa karatasi umekatika mkanda akaufunga kwa kamba ya katani. Alisimama upande usio na moshi, akangoja mteja amalize kulipa.

“Mama Birago, dokono zako zimeanza kuniita tangu kule kituo cha polisi.”

“Basi kaa ule.”

“Leo sili. Leo nimetumwa.” Akatoa karatasi. “Leseni yako ya chakula imekwisha tangu mwezi wa tatu.”

“Mwezi wa tatu nilikuwa na maiti ya mama yangu, Bwana Kyeremeh. Hata wewe ulikuja kula matanga.”

“Nilikuja, Mungu amrehemu. Ndiyo maana nimenyamaza miezi miwili yote hii. Lakini tumeletewa mkubwa mpya, naye anataka orodha. Meko yasiyo na leseni Ijumaa yanamwagiwa maji, yanazungushiwa utepe, basi.”

“Hii Ijumaa?”

“Hii hii. Lakini usihangaike. Cheti cha kupimwa afya unacho. Lete risiti ya kodi ya jengo ya mwaka huu, ulipe ada, nakuandikia palepale. Kazi ya siku moja.”

Birago akapumua. Risiti alikuwa nayo, ameilipia tangu Januari, imelala kwenye kopo la biskuti pamoja na picha za msiba. Meko yale ndiyo yaliyokuwa yakimlisha yeye na Fosua, na kaka yake Kwabena Ntim, ambaye goti lilimtoa kwenye udereva wa lori miaka sita iliyopita, na bado senti yake haijaingia nyumbani. Hakukuwa na pengine pa kutegemea. Akamfungia bwana afya dokono mbili za kula njiani. Bwana afya akakataa, kisha akazipokea.

Kesho yake Birago alikwenda halmashauri na kaka yake. Ntim alisema ataongea yeye, maana maofisa humsikiliza mwanamume. Foleni ilianzia nje, kwenye ngazi mpya za vigae zilizokuwa zinateleza, nao walisimama tangu saa mbili hadi karibu saa sita kabla hawajafika dirisha namba mbili. Nyuma ya kioo alikaa binti mmoja, Gifty, nywele zimesukwa vizuri, uso umechoka.

Birago alipoinama kusema, binti akarudisha kiti nyuma.

“Mama, samahani, sogea kidogo. Hapo, kwenye ule mstari. Harufu.”

Ilikuwa ni ule ugwadu wa unga mikononi. Aliuosha kwa ndimu kila siku, na kila siku ulibaki. Akasogea mpaka kwenye mstari, na kwa sababu ya umbali ikabidi mambo yake ayaseme kwa sauti ya sokoni, watu wote wakisikia.

“Nyumba namba mia na kumi na nne!”

Gifty akabonyeza mashine yake. “Haipo.”

“Haipo vipi?”

“Haikuonekana. Wahesabu majengo walipita mtaa wote mwezi wa nne. Mia na kumi na tatu ipo. Mia na kumi na tano ipo. Mia na kumi na nne haikuonekana, imefutwa.”

“Nimelala humo jana.”

Watu wakacheka. Gifty hakucheka. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na watu arobaini mbele yake na feni iliyokufa juu yake.

“Mahali hapo pana nyumba mpya,” akasema. “Namba mia nane sabini na tatu. Haina kibali cha ujenzi. Mjenzi…” Akakaribia kioo cha mashine. “Kwabena Ntim. Amemaliza kujenga mwezi wa tatu mwaka huu.”

Birago akageuka polepole. Kaka yake, aliyekuja kuongea kwa niaba ya wote, alikuwa ameegemea fimbo yake akiitazama ile feni.

“Kwabena Ntim ndiye huyu?” Gifty akauliza. “Mzee, umejenga bila kibali?”

“Nyumba hiyo aliijenga bibi yetu,” akasema Birago, “mimi sijazaliwa, na huyu hajazaliwa.”

“Mimi nasoma kilichoandikwa, Mama.”

“Na hii risiti? Muhuri si wenu?”

“Ni wetu. Umelipia mia na kumi na nne.”

“Basi?”

“Basi haipo.”

Birago akatoa ankara ya maji, akatoa na karatasi ya umeme. Akazinyoosha kwa mkono mrefu kutoka pale mstarini, na mtu wa katikati akazipokea akazipitisha. Gifty akazitazama, akazirudisha kwa njia ileile.

“Hizo ni namba za mita. Maji wana zao, umeme wana zao. Sisi hatujui mita, sisi tunajua jengo.”

“Basi nirudishieni pesa yangu ya Januari.”

“Nikurudishieje pesa ya nyumba ambayo haipo?”

“Mama mkwe,” akapaza sauti kijana mmoja nyuma, “tupishe. Wengine nyumba zetu zipo!”

Kicheko kikapita foleni nzima kama upepo. Birago alikitazama kile kioo, akaona uso wake humo na kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Gifty naye labda alikiona kile kitambaa. Akashusha sauti, akamwita kwa kidole asogee, harufu au si harufu.

“Nenda chumba namba sita, Mipango Miji. Mwulize Bwana Asamani aje aione namba ya zamani ukutani. Akiiona, anaandika, mimi nairudisha. Dakika mbili tu.”

“Namba imepakwa rangi.”

“Nani aliyeipaka?”

Ntim akakohoa.

Walirudi kwa miguu ili kuokoa nauli. 

Rangi hiyo yeye hakuwa na ugomvi nayo. Nyumba ya wafiwa haipokei maiti ya mzee na ukuta umechakaa. Mama yao, Nana Pokuwaa, alikuwa alale barazani siku nzima watu wote wakimwona. Mashangazi wa karibu na wa mbali walisimama barabarani, wakaitazama ile namba nyekundu ya halmashauri karibu na mlango, iliyotiririka kama damu ya kuku aliyechinjwa, wakasema Nana hatalazwa kando ya kitu kile. Mdogo wao, Adwoa Sarpomaa, anayefanya kazi ya hoteli huko Takoradi, akatuma pesa ya rangi. Ntim, ili kuokoa ujira wa fundi, akapaka mwenyewe siku mbili, juu rangi ya maziwa, chini mkanda wa hudhurungi, rangi ya mafuta, ya kung'aa. Watu walimsifu. Hakuna hata mmoja aliyesema, acha namba.

“Ulimwambia nini yule kijana wa kuhesabu majengo?” Birago akauliza walipofika darajani.

“Kijana yupi?”

“Kwabena.”

Ntim akatembea hatua kadhaa na fimbo yake. “Alikuja na kishikwambi. Mimi nimekaa mlangoni, nimevaa ile shati ya matanga. Akasema, ‘Bosi, nyumba imekaa hii. Umeijenga wewe?’”

“Ukasema nini?”

“Nikasema ndiyo.”

“Kwa nini, Kwabena?”

“Aliniita bosi, Birago.” Akasimama, goti lilikuwa linamuuma. “Tangu niteremke kwenye lori hakuna mtu aliyeniita bosi. Nikasema ndiyo, nimeijenga mimi. Nikamwambia na bei ya saruji ilivyopanda.”

Birago alitaka kupiga kelele. Badala yake kikamtoka kicheko kikavu, kisicho na raha yoyote, kikamuumiza mbavu. Halafu walipofika kwenye mtaro akamshika kaka yake mkono amvushe, maana peke yake asingeweza.

Jumatano Bwana Asamani alipatikana saa tano. Gari la ofisi lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Birago akalipa teksi ya kwenda na ya kumrudisha. Asamani akakaa mbele, kijana bado, viatu vyake vimeng'aa; Birago nyuma, dirisha limefunguliwa lote, ameomba mwenyewe lifunguliwe kabla hajaambiwa.

Nyumbani Ntim alikuwa amekwisha kukataa. “Rangi ya Mama haijatimiza mwaka,” alisema. “Tutaikwanguaje kabla ya kumaliza tanga lake? Watu watasema tumechoka kumlilia.” Alipoona hasikilizwi akaingia ndani, akafunga mlango asije akaona.

Fosua akaleta kisu cha kukwangulia ukoko. Jirani yao, Agya Boahene wa namba mia na kumi na tano, akatoka na mswaki wake wa kijiti mdomoni, akasimama upande wake wa mtaro. Wapita njia wawili watatu wakasimama pia, kwa vile hapo palikuwa na ofisa.

Birago alipima kwa mkono, hapa, karibu na mlango, usawa wa kifua. Akatia ncha ya kisu. Alitegemea rangi itatoka kwa vumbi, kidogo kidogo, na nyekundu ianze kuonekana. Haikutoka hivyo. Ntim alikuwa amepaka mafuta juu ya chokaa ya zamani bila kuosha ukuta, na rangi ikabanduka yote kwa pamoja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, kipande kikubwa kama sahani, kikajikunja na kuanguka mikononi mwake. Ukutani pakabaki udongo wa kijivu, safi, hauna kitu.

Akakigeuza kile kipande. Upande wa ndani palikuwa pekundu. Moja ilikuwepo, ikitazama nyuma. Moja nyingine. Na nusu ya nne.

“Hii hapa! Bwana Asamani, si hii hapa?”

“Naiona, Mama.”

“Basi andika.”

Asamani aliinama akaitazama kweli, kwa muda. “Niandike nini? Fomu inauliza, namba iko ukutani? Haiko ukutani. Iko mkononi mwako.”

“Ilikuwa ukutani sasa hivi!”

“Sasa hivi ilikuwa chini ya rangi, sikuiona.”

Agya Boahene akautoa mswaki mdomoni. “Mimi ni shahidi. Nimezaliwa mia na kumi na tano hii, na nyumba yao niliikuta imesimama.”

“Baba, ushahidi wako ni wa kupeleka mahakamani. Mimi napeleka fomu.”

Kile kipande kikavunjika vipande viwili mikononi mwa Birago, kisha vinne, kwa wembamba wake. Alijaribu kuviunganisha kwenye kiganja. Fosua akasema kwa chini, “Mama, acha,” naye akaacha.

Asamani hakuwa mtu mbaya. Alifuta kiatu chake kwa nyuma ya suruali, akafungua faili, akatoa karatasi ya kijani.

“Ipo njia nyepesi. Fomu ya kuhalalisha jengo. Mjenzi anatia saini kwamba amejenga, analipa faini sedi mia nne, mnaweza kulipa polepole. Ikinifikia kabla ya kesho jioni, Ijumaa asubuhi Gifty anakupa risiti na bwana afya hakugusi.”

“Atie saini nani?”

“Aliyeandikwa. Kwabena Ntim.”

“Nikitia mimi?”

“Kubadilisha jina ni ombi jingine. Miezi mitatu, ukiwa na bahati.”

“Basi tuandike ukoo. Nyumba ya ukoo wa Nana Pokuwaa.”

Asamani akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuona haya. “Mashine inataka mtu mmoja mwenye kitambulisho cha taifa. Ukoo hauna kitambulisho.”

Alhamisi mchana ile karatasi ya kijani ilikuwa juu ya kigoda, sebuleni, na juu yake kalamu. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

Ingekuwa ni faini tu, wangelipa. Mia nne ni dokono nyingi, lakini dokono zinafungwa. Jambo lilikuwa lile jina. Kwetu nyumba ya mama ni ya watu wa mama. Ntim ana watoto wanne, wako kwa mama yao, kwa ukoo wa mama yao, na huko ndiko wanakostahili. Siku Ntim akifa na karatasi ya serikali inasema nyumba hii aliijenga yeye, sheria itawapa mjane na wale wanne, na Fosua ataulizwa analala humu kwa haki gani. Nyumba mbili mtaani kwetu zilikwenda hivyo. Wenyewe hawasalimiani mpaka leo, hata msibani.

Ntim aliyajua haya kuliko wote, na bado ndiye aliyeshika kalamu.

“Natia saini,” akasema. “Kosa ni langu. Kisha naandika karatasi nyingine kusema nyumba si yangu.”

“Hiyo nyingine utaiweka wapi, Wofa?” Fosua akamwuliza mjomba wake. “Chini ya rangi?”

“Fosua!” akakemea mama yake. Kisha akachukua simu. “Kwanza tumpigie Adwoa. Asije akasikia kwa watu.”

Simu ikawekwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa. Birago akaeleza yote, tangu bwana afya mpaka karatasi ya kijani, na kila alipofika mahali pagumu alisema upesi. Upande wa pili kulisikika vyombo vya hotelini vikigongana, kisha vikakoma.

“Ngoja nielewe,” akasema Sarpomaa. “Kaka Kwabena aliwaambia nyumba ni yake.”

“Aliropoka tu, mdogo wangu. Aliitwa bosi.”

“Akasema ameijenga.”

“Ndiyo, lakini…”

“Akasema na bei ya saruji?”

Birago alikuwa amelisema lile la saruji ili mdogo wake acheke kidogo. “Akasema,” akajibu.

“Mtu anaropoka mpaka bei ya saruji! Kaka, uko hapo? Watoto wako wamekuja kuipima vyumba au bado?”

“Adwoa, mimi ni kaka yako,” akasema Ntim.

“Najua wewe ni nani. Na wewe, dada, usinifanye mjinga. Kinachokuuma ni dokono zako. Meko yabaki, nyumba ya Mama iende. Sawa. Tieni saini. Mimi niko mbali, mimi kazi yangu ni kutuma pesa ya rangi mnayokwenda kuibandua.”

Ikakatika.

Nje pipa lilikuwa linatokota na kifuniko kinapigapiga, na mtu akaita, “Dokono!” mara mbili, hakuna aliyetoka, akaenda zake. Ntim aliinama juu ya karatasi. Machozi hayakumtoka, lakini pua yake ilikuwa imelowa, naye akaifuta kwa mkono wa shati. Akaweka kidole kwenye mstari wa saini ili asikosee, akaisogeza kalamu.

Birago akaushika ule mkono. Akamfungua vidole kimoja kimoja, akianzia kile kidogo, jinsi mtoto mdogo anavyonyang'anywa kisu.

“Weka chini.”

“Na meko?”

“Meko ni yangu. Nikiyapoteza nimepoteza changu. Nyumba si yangu, Kwabena, siwezi kuipoteza.”

“Tutakula nini?”

“Sijui.”

Akairudisha fomu ndani ya bahasha, safi kama ilivyokuja. Akatoka akaenda kuangalia moto.

Ijumaa alipika unga wote uliokuwepo, asibakize donge. Akauza mpaka saa tatu na nusu. Halafu akachomoa kuni moja moja, akazizika kwenye mchanga, akamwaga mchanga juu ya makaa mpaka moshi ukakoma. Bwana Kyeremeh alipofika na vijana wawili wa halmashauri, mmoja na ndoo ya maji, mwingine na utepe, alikuta kila kitu kimezimwa, na mwenyewe amekaa pembeni ametulia, mikono mapajani.

“Maji yanapasua mafiga,” Birago akasema. “Ni ya udongo, aliyafinyanga bibi. Nimeona niyazime mwenyewe.”

Yule wa ndoo hakujua aiweke wapi.

“Unaweza kunawa miguu,” Fosua akamwambia.

Kyeremeh akaomba kiti. Akaulizia yote akaelezwa yote, ya risiti, na ya ukuta, na ya karatasi ya kijani, na ya kwa nini haikutiwa saini. Hili la mwisho hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Naye ana mama, naye ana wajomba. Akakaa akiufungua na kuufunga ule mkoba wake wa kamba. Kisha akatazama ng'ambo ya mtaro. Ukutani kwa Agya Boahene, ukuta ambao haujaona rangi tangu mwenyewe aoe, namba mia na kumi na tano ilikuwa imekaa wazi, nyekundu.

“Mama Birago. Leseni yangu mimi haiandikwi mahali mtu anapolala. Inaandikwa mahali moto ulipo.”

Birago akamtazama.

“Moto ukiwaka pale,” akasema Kyeremeh, akionyesha kwa kidevu, “mimi nitauona uko mia na kumi na tano. Agya Boahene! Risiti ya kodi ya mwaka huu unayo?”

Agya Boahene alikuwa amesimama palepale tangu mwanzo. “Ninayo. Ila kiwanja changu si cha bure.”

“Unataka nini?” Birago akauliza.

“Dokono kumi kwa siku, na pilipili yake. Jumapili kumi na tano, wajukuu wanakuja.”

“Agya! Juzi ulikuwa shahidi wangu.”

“Ushahidi nilitoa bure. Hiki ni kiwanja.”

Walibishana kidogo, lakini kwa uchovu, kama watu wanaotafuta kwenda nyumbani. Wakaishia nane, na Jumapili kumi na mbili, pilipili ndani yake. Birago akafungua fundo la kitambaa akalipa ada ya leseni. Kyeremeh akaandika akiegemeza karatasi kwenye paja: Akosua Birago, muuza dokono, nyumba namba mia na kumi na tano. Akaipulizia wino ukauke, akampa kwa mikono miwili.

Vijana wawili waliokuja kuzima moto ndio waliobeba mapipa, maana mikono yao haikuwa na kazi nyingine. Hatua sita na mtaro mmoja. Mafiga hayakubebeka, yalikuwa yameota ardhini, na walipoyajaribu kwa jembe, figa moja likaanza kutoa ufa, Birago akasema yaacheni. Agya Boahene akatoa matofali sita ya saruji aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya choo, akasema hayo ni mkopo. Kisha, kwa sababu orodha ilitaka hivyo, yule wa utepe akayazungushia mafiga yale matupu utepe, raundi mbili, akafunga fundo, wakaaga wakaenda.

Jioni ile Birago aliloweka mahindi ya kuanzia upya. Akajaribu moto juu ya matofali, ukawaka vibaya, kisha ukawaka. Wateja wawili walikuja wakasimama mahali pa zamani, wakaona utepe, wakashangaa, Fosua akawaita kutoka ng'ambo. Ntim alikataa kukanyaga kwa Agya Boahene. Alileta kiti chake mpaka ukingoni mwa mtaro, upande wa kwao, akakaa akimtazama dada yake anavyokoka moto kwenye kiwanja cha mtu, mpaka goti likamshinda. Akaenda kulala bila kuaga. Fosua aliosha masufuria, naye akaenda.

Birago alijinyoosha kitandani jua halijazama vizuri, watoto wa jirani bado wanacheza nje. Mgongo ulikuwa unamuuma wote. Simu ikalia. Ilikuwa Takoradi.

“Alitia saini?” Sarpomaa akauliza, bila salamu.

“Hakutia.”

Vyombo havikusikika safari hii.

“Na meko?”

“Yako kwa Agya Boahene.”

“Yule wa mswaki?”

“Huyo huyo.”

“Anakutoza?”

“Dokono nane. Jumapili kumi na mbili.”

Sarpomaa akacheka au akalia, kwenye simu haikujulikana. Akapenga kamasi. “Dada, yale niliyosema jana…”

“Ulikuwa kazini.”

“Nilikuwa kazini,” akasema Sarpomaa. Kisha akauliza, “Moshi sasa unakwenda wapi?”

“Unaingia humu kwetu. Upepo wa jioni unauleta wote.”

“Si mumwambie Agya aondoe meko yake?”

“Nimwambieje, Adwoa? Meko ni yangu.”

Safari hii walicheka wote wawili, kidogo, mpaka Birago akakohoa. Mdogo wake akaanza kusema habari za mshahara, kwamba mwisho wa mwezi ataona, kwamba atakuja mwenyewe azungumze na hao watu wa mashine, na Birago akamwitikia ndiyo, na tena ndiyo, na ya tatu hakuimaliza. Sarpomaa akaita, “Dada?” Akasikia pumzi tu, nzito, ya mtu aliyekwisha kwenda. Hakukata. Akaulaza uso wake juu ya simu, kwenye mto, huko Takoradi, akausikiliza usingizi wa dada yake mpaka wake nao ukaja.